Gia ya Nne Kwenye Mlima Sekenke

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa gari. Nilipewa gogo la mninga lililochongwa pembe tatu, nikaambiwa nitembee nyuma ya lori. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu katika shirika la usafirishaji la mkoa, pale Singida mjini. Lori likiwa limejaa magunia ya alizeti linapanda kilima, mimi nafuata kwa miguu na gogo begani. Likishindwa, naliwahi, natupa gogo chini ya tairi kabla halijaanza kurudi nyuma. Nilikuwa na elimu ya darasa la nne na mbio za kutosha.

Fundi Mkuu wa karakana alikuwa mtu aliyetoka jeshini, na sisi wote tulimwita Afande. Asubuhi ile alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"We Ntandu, unajua kusoma?"

"Kidogo, Afande. Shikamoo."

"Shikamoo inatangulia, haifuati. Unajua kuhesabu?"

"Naweza kufika mia."

"Umezidisha. Gari lina gia nne tu."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mimi sikucheka, nilikuwa naangalia lile gogo na kujiuliza nikichelewa itakuwaje.

Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaonunua magari ya zamani, vile vigari vya mizigo vilivyokwisha kunyonywa huko vilikotoka, halafu mnaletewa hapa mkiambiwa ni vipya. Lakini sitawadanganya, nina sababu nyingine. Watu wa Mtinko mpaka leo wanabishana nani alimuua Mama Salma, mfanyabiashara wa kuku aliyekufa ndani ya gari langu. Wengi wanasema ni mimi. Nitawataja waliohusika, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Afande ndiye aliyenifundisha gia, na alinifundishia kwenye baiskeli. Aliigeuza miguu juu, akanishikisha pedeli. "Zungusha mara moja. Tairi la nyuma limezunguka mara ngapi?" Nikahesabu. Akasema injini ya gari ndiyo mguu wangu, na giaboksi ndiyo inayoamua mguu mmoja utazaa mizunguko mingapi ya tairi. Gia ya kwanza, injini inazunguka sana na tairi kidogo, kwa hiyo nguvu ni nyingi na mwendo ni mdogo. Unavyopanda gia, nguvu inapungua na mwendo unaongezeka. Kuna gia moja ambayo injini na shafti ya nyuma vinakwenda sawasawa, mzunguko kwa mzunguko. Hiyo wanaiita dairekti. Kwenye malori yetu ilikuwa ya nne, na siku zile nilidhani juu yake hakuna kitu.

Kushuka mlima alinifundisha kwa ukali zaidi. Ukiwa kwenye gia ndogo na umeachia mafuta, tairi ndilo linaloisukuma injini, na injini haitaki kusukumwa, inakaza. Huko kukaza ndiko kunakolishika gari. Breki ni ya kusaidia tu. Anayeshuka mlima mrefu kwa breki peke yake anachoma leningi, vile vibamba vinavyobana ngoma za tairi, ngoma zinaiva, na mwishowe mafuta ya breki yanachemka humo kwenye mabomba. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga, pedeli inazama kama umekanyaga mto wa pamba.

Baada ya miaka mitatu ya gogo nilipata leseni, nikapelekwa kituo cha Itigi, kupokea mizigo inayoshuka kwenye treni na kuisambaza vijijini. Meneja wa Kituo pale alikuwa na tabia moja tuliyoichukia. Lori likiingia tu, anakuja, anachutama kwenye tairi la nyuma na kutema mate kwenye ngoma ya breki. Mate yakilia chwaa, umekwisha. Maana yake umeshuka milima na gia huru, fri, ili ubane dizeli ukaiuze. Siku moja alimtemea hivyo dereva mzee kuliko yeye.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba."

"Samahani, lakini ngoma zako zinapika ugali. Nipe funguo."

Yule mzee alikabidhi funguo na hakuendesha tena gari la shirika. Tulimwona Meneja ni mtu katili. Sasa nikiamka na mguu unaniuma, natamani angekuwa amenitemea mate mimi.

Kisha ikaja ile waliyoiita soko huria. Redioni walisema milango imefunguliwa. Kwetu ilifungwa. Meneja Mkuu wa shirika, Bwana Elifuraha Senge, alitukusanya uani akatusomea barua kwamba shirika linajiendesha kwa hasara na tunapunguzwa. Aliisoma kwa sauti ya huzuni, nusura nimwonee huruma. Miezi miwili baadaye malori yetu yalipigwa mnada, na mawili mazuri kuliko yote yakanunuliwa kwa jina la shemeji yake. Ninamtaja wa kwanza huyu. Hakumuua mtu, lakini ndiye aliyetutoa kwenye magari yenye mkaguzi wa kuyatemea mate na kututupa kwenye magari yasiyo na mtu wa kuyaangalia.

Wa pili ni Swalehe Mbaruku. Familia yake ilikuja Singida zamani kutoka pwani, ina maduka mtaani, na mlango ulipofunguliwa yeye alianza kuleta magari ya mtumba kutoka Japani. Kiinua mgongo changu chote kiliingia kwake. Alinipa kigari cheupe cha mizigo, kirefu, chenye viti vitatu mbele na uwazi nyuma. Nilipoingia nikatafuta klachi kwa mguu wa kushoto, sikuipata.

"Alhaji, hili halina klachi."

"Otomatiki hiyo, Ntandu. Wajapani wamekupumzisha mguu mzima, unalalamika?"

Nikajaribu gia. Zilikuwa kwenye kijiti kimoja chenye herufi: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya fri, D ya kwenda. Chini ya D kulikuwa na 2 na L. Nilivuta kijiti kwenda kwenye 2, kikaenda kimelegea kama jino bovu, gari halikubadilika chochote. Nikamwonyesha.

"Hizo za chini ni za theluji," akasema Swalehe, bila kupepesa macho. "Kule kwao barabara zinaganda barafu. Wewe Singida umeona barafu wapi?"

Mimi, dereva wa miaka mingi, nilikubali. Nilitaka gari. Ukweli ni kwamba 2 na L ndizo gia za kushukia milima, na hazikukamata kwa sababu bushi, kile kipete cha ufito unaounganisha kijiti na giaboksi, ilikuwa imekwisha. Yeye alijua. Fundi wake aliniambia baadaye kwamba walitafuta ile bushi wiki nzima, wakakosa, ndipo wakaamua kuuza hivyo hivyo.

Nililipeleka gari kwa Afande, ambaye naye alikuwa nyumbani akikaanga chipsi kwenye kibanda. Alikagua mafuta ya giaboksi kwa kuchovya kijiti na kunusa. "Yakiwa mekundu, giaboksi ni nzima. Yakiwa meusi na kunuka kama chungu kilichoungua, usinunue. Yako yapo katikati." Kisha akaona kitufe kidogo ubavuni mwa kijiti cha gia, panapofikiwa na kidole gumba. Akakibonyeza. Kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa.

"Hii ndiyo ovadraivu," akasema.

Akanirudisha kwenye baiskeli. Giaboksi hii ina gia nne, na ya tatu ndiyo dairekti, injini na shafti sawasawa. Ya nne inapita hapo. Injini ikizunguka mara saba, shafti inazunguka mara kumi. Ndiyo maana barabara tambarare gari linanyamaza, injini inapumzika na mafuta yanapungua kuliwa. Lakini kilimani haina nguvu, na mteremkoni haishiki, kwa sababu injini inazungushwa polepole, haina la kukaza. Tena ukiachia mafuta kwenye mteremko, otomatiki inadhani umefika tambarare, inapanda yenyewe kwenda ya nne. Kile kitufe ndicho kinachoikataza. Ukibonyeza, ya nne inafungwa na taa inawaka kukujulisha kwamba imefungwa. Ukibonyeza tena, inafunguliwa na taa inazima.

"Kwa hiyo taa ikiwaka si ugonjwa?"

"Taa ikiwaka ndiyo uzima wako, wewe usiye na gia za chini. Kitufe hicho ndicho kitakachokushikia gari, basi. Umenisikia?"

Nilimsikia.

Nikaanza kazi ya kubeba kuku. Wanaojua Singida wanajua kuku wetu wa kienyeji. Wanawake wa Mtinko walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakinunua, wanapanga kwenye matenga, mimi nawapeleka mjini au mbali zaidi, upande wa Shelui na kuendelea mbele kwenye miji ya wachimba madini, ambako mtu akipata dhahabu kitu cha kwanza anataka mchuzi. Kiongozi wao alikuwa Mama Salma, mjane, mwenye sauti ya kusikika kutoka mnadani hadi kisimani. Kabla ya kununua kuku alimgeuza, akampuliza manyoya ya mgongoni ili yafunuke aone ngozi. Ngozi ikiwa na doa tu, anamrudisha. Wenzake wote waliiga hivyo.

Na gari langu walilikagua hivyo hivyo. Barabara ya Mtinko ni mashimo na vilima vidogo vidogo, kwa hiyo nilikuwa naifunga ya nne karibu muda wote, na ile taa ya chungwa inawaka. Siku moja tukiwa njiani kutoka Iguguno rejeta ilipasuka, maji yakamwagika, kuku kumi na saba wakafa kwa joto tukisubiri. Taa ilikuwa inawaka. Basi ikawa hadithi: ile taa ikiwaka, kuku wanakufa. Asubuhi kabla ya kupakia matenga, wanawake wanachungulia dirishani.

"Ntandu, doa hilo hapo."

"Mama Salma, hiyo ni ya gia. Ni nzuri hiyo."

"Kizuri gani kina rangi ya jicho la homa? Mimi kuku mwenye rangi hiyo simnunui."

Nilieleza mpaka nikachoka. Nilichora chini kwa kijiti, nikaleta baiskeli. Wawili wakahamishia matenga yao kwenye gari la mtu mwingine, pikapu iliyokuwa mbovu kuliko yangu mara tatu ila dashibodi yake haikuwaka kitu chochote, hata usiku. Mwishowe Mama Salma akaniita pembeni.

"Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini wale wakikukimbia na mimi nitabaki na nani? Iondoe hiyo taa. Gari litakwenda vilevile."

Fundi niliyekuwa namtumia aliitwa Rajabu Mkoma. Huyu ndiye wa tatu, na yeye nitamsema polepole. Alikuwa fundi wa magari ya klachi, hodari, anayejua kusikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni. Otomatiki hakuijua na hakutaka kusema hivyo. Nilimweleza, akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akatoka na balbu ndogo kama punje ya mtama, akaitupa nje ya dirisha.

"Limepona," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele kwa mzaha.

Baada ya hapo nilitegemea kidole. Kitufe kikiwa nje, ya nne imefungwa. Kikiwa ndani, imefunguliwa. Lakini gari ni kuukuu. Baada ya miezi kadhaa ya kubonyezwa kutwa, springi yake ikachoka, kikawa kinakaa palepale usijue kipo ndani au nje. Bado kilikuwa kinafanya kazi, ila hakisemi kimekaa wapi. Kwa hiyo nikawa naendesha kwa kukumbuka. Nimebonyeza, imefungwa. Nimebonyeza, imefunguliwa. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kushika usukani wangu. Rajabu alilijua hilo, nilimwambia mara nyingi, mara mbili kwa ukali.

Siku yenyewe tulipakia Mtinko asubuhi, matenga kumi na manne na magunia sita ya vitunguu. Mama Salma alikaa mbele, kushoto, dirishani, kama kawaida yake. Rajabu aliomba lifti mpaka Shelui kwa dada yake, akakaa nyuma yetu juu ya vitunguu, kichwa kikichomoza katikati ya viti. Tulitoka tukicheka. Rajabu alikuwa anamtania Mama Salma kwamba kuku wake wanamsema vibaya kwa Kinyaturu.

"Waambie waseme kwa sauti," akamjibu, "wananiogopa mpaka ndani ya tenga."

Kutoka Iguguno barabara imenyooka. Nilibonyeza nikaifungua ya nne, nikasikia injini ikishusha pumzi. Nikajiambia, imefunguliwa. Misigiri tulisimama. Nilikwenda kuswali adhuhuri na kununua maji, kama dakika ishirini, funguo nikaziacha garini. Niliporudi gari lilikuwa limesogezwa hatua thelathini, lipo kwenye kivuli.

"Nani amelisogeza?"

"Tumelisukuma," akasema Rajabu. "Kuku walikuwa wanahema."

Vijana walikuwepo wengi wa kusukuma, nikaamini. Mama Salma alikuwa amekwenda kununua karanga, hakuona. Tukaondoka. Kipande kile kabla ya mlima kilikuwa kimechimbika vibaya, tulikwenda mwendo wa ng'ombe, otomatiki ikijishusha yenyewe hadi gia ya pili, na katika mwendo huo ya nne iwe imefungwa au imefunguliwa huwezi kusikia tofauti yoyote.

Tukafika kwenye ukingo wa Sekenke. Ambaye hajashuka pale siku zile za vumbi nimweleze. Nchi inakatika ghafla. Mbele yako unaona bonde lote mpaka macho yachoke, na barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona. Sehemu ile tuliyokuwa, mkono wa kushoto ni ukuta wa mawe wa mlima. Mkono wa kulia hakuna kitu.

Nikajiambia: imefunguliwa, sasa funga. Nikabonyeza. Nikaanza kushuka.

Kona ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili nikasikia injini imenyamaza. Ilipotakiwa kulia kwa kukaza, ilikuwa inanong'ona. Nikakanyaga breki, gari likapungua, nikaachia, likaongeza tena. Nikakanyaga tena. Harufu ikaanza kuingia, ile ya leningi.

"Vitunguu vyako vinanuka, Rajabu," akasema Mama Salma.

"Si vitunguu," nikasema.

Rajabu akasogeza kichwa. Fundi ni fundi, alisikia nilichokisikia. "Ipo ya nne," akasema. "Kaka, hii ipo ya nne! Bonyeza!"

"Nimeshabonyeza."

"Bonyeza tena!"

Hapa ndipo naomba mnielewe. Kwa kumbukumbu yangu, ya nne ilikuwa imefungwa. Kama ni kweli imefungwa na nikabonyeza, nitakuwa nimeifungua kwa mkono wangu katikati ya Sekenke. Niliona kwamba giaboksi ndiyo inaharibika, labda mafuta yameungua, na kama ni hivyo kile kitufe ndicho kilichobaki kuishikilia. Nilimuuliza bila kugeuka.

"Rajabu. Umekigusa hiki kitufe?"

"Mimi?"

"Kule Misigiri. Umeliendesha gari langu? Sema sasa hivi."

"Wallahi sijaligusa! Tulisukuma!"

Kama hakuligusa, kumbukumbu yangu ni sahihi. Sikubonyeza. Nikavuta kijiti kwenye 2, kikaja kitupu. Nikavuta hendibreki, ikashika kidogo, ikaachia, maana inakamata ngoma zilezile zilizokwisha kuiva. Kona ya nne tuliipita tairi zikichota changarawe za ukingoni. Kuku walikuwa wamenyamaza kimya, sijui kwa nini, kuku mia na zaidi hakuna hata mmoja aliyelia. Mama Salma alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Ntandu, mwanangu, simamisha."

Nikakanyaga. Pedeli ikazama mpaka chini.

Mbele kulikuwa na kona ya kukunja kushoto, na kwa mwendo ule isingekunjika, tungetokea kulia. Nilikata usukani kushoto, kwenye ukuta.

Nilizinduka hospitali mguu wa kulia ukiwa umening'inizwa. Gari liligonga mwamba, likajiburuza, likapinduka na kulala ubavu. Rajabu alitoka na mkono uliochanika. Mama Salma hakutoka. Siku ya tatu Rajabu alikuja, akakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, akalia mpaka muuguzi akamfokea.

"Kaka, nililisogeza. Liligoma kwenye mchanga pale Misigiri, nikabonyeza kitufe ili lipate nguvu. Nikakisahau. Ulivyoniuliza kule mlimani niliogopa utanipiga."

Utanipiga! Tupo kwenye kifo, yeye anaogopa kofi. Kwa hiyo pale ukingoni, nilipodhani nafunga, nilikuwa nafungua alichokwisha kukifunga yeye. Na aliposema nibonyeze tena, alikuwa anajua kwa nini anasema. Neno moja tu lilikuwa limebaki, akalimeza.

Mahakamani alisimama akiwa amevaa kanzu safi. Alisema yeye ni fundi, hajui kuendesha, na kwamba dereva alikuwa mwendo kasi. Aliulizwa kuhusu taa, akajibu gari hilo halijawahi kuwa na taa. Swalehe Mbaruku aliitwa, akasema aliuza gari zima na mnunuzi aliridhika. Wale wanawake wa kuku walikaa kwenye benchi la nyuma, hakuna aliyesimama kusema kwamba wao ndio waliotaka taa itolewe. Nilifungwa miezi minane na leseni ikaondoka moja kwa moja. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, kazi niliyoijua ni moja, na nikastaafu hivyo, bila barua wala mkono wa kwaheri.

Sasa nakaa kwangu Mughanga na mguu usiokunjika. Madereva wanakuja kuniuliza mambo ya otomatiki, maana zimejaa mji mzima. Nawaambia wasikilize injini kabla ya redio. Nawaambia gari kuukuu lina njia chache za kukuokoa kuliko jipya, kwa hiyo zihesabu kabla hujaondoka, na ukikuta imebaki moja, usiondoke. Nawaambia abiria ana haki ya kuogopa, lakini woga wake usiuache uingie nyuma ya dashibodi. Wanaitikia, halafu wananiuliza bei ya giaboksi. Nikiwatajia Senge, Swalehe, Rajabu, wanaangaliana. Mmoja alisema nikiwa nasikia, "Mzee huyu ana orodha."

Ninayo ndiyo.

Mwaka jana alikuja mwanamke mwenye mkoba wa shule, akapiga hodi, akapiga goti kidogo mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu. Sikufahamu."

"Mimi ni Salma. Wa Mtinko. Nafundisha Mgori siku hizi."

Alikuwa na sauti ya mama yake, ila ameipunguza. Mke wangu alimletea maji. Mimi nikaanza, sikusubiri aulize. Nikamweleza Swalehe na theluji yake. Nikamweleza Rajabu, Misigiri, mahakama. Nikamweleza hata kuhusu mama yake mwenyewe, kwamba ndiye aliyeniomba niiondoe taa na mimi nikakubali. Alinisikiliza mpaka mwisho, glasi mkononi, hajanywa.

"Hao nimeshawasikia, baba," akasema. "Hata la taa nalijua, bibi yangu, mama yake mama, aliniambia. Mimi nimekuja na swali moja."

"Uliza."

"Ulipokata usukani kwenda kushoto. Ulijua ni upande aliokaa yeye?"

Si askari, si hakimu, si mtu yeyote aliyewahi kuniuliza hilo. Miaka yote nimekuwa na majibu ya maswali mengine.

"Kulia palikuwa wazi," nikasema. "Tungekwenda wote watatu."

"Sikuuliza kulia."

Mke wangu alisimama mlangoni na sinia, akashindwa kuingia wala kutoka.

"Nilijua," nikamwambia. "Nilimwona ameshika dashibodi. Nilikata nikijua."

Aliweka glasi chini, taratibu, kama inaweza kuvunjika.

"Bibi bado yupo hai," akasema. "Yeye alikusamehe zamani sana. Kila mtu akikulaani pale nyumbani, anasema mwacheni, lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua, yule mtoto hakuwa na muda wa kujua anafanya nini. Amekusamehe kwa sababu hiyo."

Alikuwa ananiangalia, anangoja. Nilielewa kwamba angeweza kuondoka na hilo nililomwambia na kulizika njiani, kama ningemwomba.

"Muda ulikuwepo," nikasema. "Mwambie."